Kompyuta ya gemu inayumba baada ya kupandishwa kasi: soma dalili za ubao mama kabla ya kununua mwingine

Prosesa umeipandisha kasi (overclocking), siku ya kwanza mambo yamekwenda shwari, kesho yake jioni gemu inaganda katikati ya pambano. Hapo wengi huilaumu prosesa, na wengine hukimbilia kununua pawa saplai. Mimi nilianza na pawa saplai. Nikaongeza RAM, nikafuta Windows nikaiweka upya, na tatizo likabaki palepale. Chanzo kilikuwa vipande vidogo vya umeme vilivyo pembeni mwa soketi, vilivyokuwa vikichemka wiki nzima huku macho yangu yako kwenye joto la prosesa peke yake.

Mwongozo huu ni wa aliye na ubao wa bei ya kati unaomsumbua, na ni wa anayejiandaa kununua. Nawaweka pamoja kwa makusudi. Ubao wa bei ya kati hauwi dhaifu kila sehemu: mtengenezaji amebana gharama mahali fulani, na pale alipobana ndipo dalili hujitokeza. Aliyewahi kufuatilia dalili mpaka kwenye chanzo chake hababaishwi tena na taa za rangi wala maandishi ya kwenye boksi.

Kwanza rudi kwenye mipangilio ya kiwandani

Usifungue kasha wala usinunue kitu kabla ya hili. Ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya ubao inayofunguka kabla ya Windows), rudisha mipangilio ya awali, zima XMP au EXPO (mipangilio ya kuipa RAM kasi iliyotangazwa), kisha endesha OCCT au Cinebench (programu za kuipa prosesa mzigo mzito) kwa nusu saa na ucheze gemu ileile iliyokuwa ikiganda. Kama bado inaganda, kupandisha kasi hakuhusiki: tafuta RAM mbovu kwa programu ya MemTest86, kagua kama plagi ya pini nane ya prosesa imeingia hadi ikabana, angalia kama kipoza joto kimekaa sawa.

Kama imetulia, rudisha mambo moja baada ya jingine. RAM kwanza, ikae siku nzima. Kizidishi cha prosesa, ile namba inayoweka kasi yake, baadaye. Ukiwasha vyote kwa mpigo, kosa likitokea hutajua limetoka wapi, na utaanza kubahatisha.

Kizidishi hakibadiliki

Umeingia BIOS kutafuta kizidishi, hukioni. Au unakiona lakini kila ukiandika namba inarudi ya zamani. Hilo si hitilafu, ni mlango uliofungwa na mtengenezaji wa prosesa au wa chipseti, yaani chipu inayosimamia ubao. Usipoteze siku ukitafuta toleo la BIOS la kuufungua.

Kwa Intel unahitaji vitu viwili kwa pamoja: prosesa yenye herufi K na chipseti ya Z, yaani Z690, Z790 au Z890. B660 na B760 zinakubali RAM iongezwe kasi lakini kizidishi haziruhusu, na H610 haikubali hata hilo la RAM. Kwa AMD mlango ni mpana zaidi, kwani B450, B550, B650 na B850 zote zinaruhusu. Angalia A520, A620 na B840, hizo haziruhusu. B840 hasa ndiyo inayowanasa watu, kwa kuwa jina lake limekaa jirani kabisa na B850. Na prosesa yenyewe inaweza kuwa imefungwa: Ryzen 7 5800X3D haikubali kizidishi hata kwenye ubao wa bei ya juu kabisa, ilhali 9800X3D iliyotoka mwaka 2024 imeachwa wazi.

Maoni yangu hapa ni ya moja kwa moja. Mwenye bajeti ya kati anayetaka kupandisha kasi hupata zaidi upande wa AMD, kwa sababu kwa Intel sehemu ya fedha inakwenda kulipia ruhusa tu, na ruhusa hiyo mara nyingi inalipwa kwa kukata ubora wa sehemu nitakayoieleza sasa.

Kasi inaporomoka baada ya dakika kadhaa

Hii ndiyo dalili niliyohangaika nayo. Dakika tano za mwanzo gemu inateleza. Kisha fremu zinashuka, zinapanda, zinashuka tena. Hakuna ujumbe wa kosa wala skrini ya bluu. Ukizima kompyuta ikapoa, inaanza vizuri kama jana.

Fungua programu ya HWiNFO na utazame vitu vitatu kwa wakati mmoja huku mzigo ukiendelea: joto la prosesa, joto la VRM (vile vipande vya umeme vya pembeni mwa soketi), na wati zinazoliwa na prosesa. Jibu linatokana na hivyo vitatu vikisomwa pamoja.

Prosesa ikiwa imegota kwenye kikomo chake, nyuzi 95 kwa Ryzen 7000 au nyuzi 100 kwa prosesa nyingi za Intel, tatizo ni kipoza joto cha prosesa, na ubao hauna hatia.

Prosesa ikiwa ya uvuguvugu tu, lakini wati zimesimama kwenye namba moja zisisogee, umekutana na kikomo cha umeme. Namba zenyewe hujitambulisha: kwenye soketi ya AM5 ya AMD, prosesa iliyoandikwa wati 65 husimama kwenye 88, ya 105 husimama kwenye 142, ya 170 kwenye 230. Core i5-13600K husimama kwenye 181. Hicho ni kikomo cha kwenye mipangilio, unaweza kukiinua kama vifaa vinavyopokea mzigo vinauweza.

Hali ya tatu ndiyo ya ubao: prosesa ipo nyuzi 70 na kitu, VRM imepita 100, na wati zinaanguka kwa vipindi. Ubao unajilinda kwa kuibana prosesa.

Ni vyema kuelewa kwa nini, maana hapa ndipo uchaguzi mzima wa ubao ulipo. Pawa saplai inaleta umeme wa volti 12. Prosesa inataka volti moja na ushee. Kazi ya kushusha volti hizo hufanywa na VRM, yaani ule mstari wa mosfeti, koili na kapasita uliozunguka soketi. Volti zikishuka, ampea lazima zipande. Prosesa inayokula wati 180 kwa volti 1.25 inavuta ampea 144. Mkondo huo ni mkubwa mno kupita kwenye vipande vya ukubwa wa ukucha. VRM ikiwa na ufanisi wa asilimia 90, katika wati 200 zinazoingia, 20 zinageuka joto hapohapo kwenye ubao.

Sasa gawanya ampea hizo 144. VRM huzigawa kwa fezi, yaani njia sambamba zinazobeba umeme. Kwenye fezi nane, kila moja inabeba 18. Kwenye fezi nne, kila moja inabeba 36, na kwa kuwa joto la mkondo linalopita kwenye ukinzani hukua kwa kipeo cha pili, kila fezi inapata moto mara nne, si mara mbili. Hiyo ndiyo tofauti kati ya ubao unaokaa nyuzi 65 na ule unaopita 100, ingawa kwenye picha unaona chuma kilekile chenye nembo ileile.

Tiba za haraka zipo. Ya kwanza ni upepo. Wengi wanaotumia kipoza joto cha maji hushangaa VRM kuchemka kuliko walipokuwa na kile cha feni, na sababu ni nyepesi: feni ya juu ya prosesa ilikuwa ikipitisha upepo pembezoni mwa soketi, na ya maji imeuhamishia upepo wote kwenye rejeta ukutani mwa kasha. Weka feni ndogo ielekee moja kwa moja kwenye vipoza joto vya VRM. Feni hiyo pia ni kipimo kwa ubao usio na kihisi cha joto la VRM: ukiielekeza pale na kasi ikaacha kuporomoka, umeshapata jibu bila programu yoyote. Usijaribu kwa kidole. Chuma cha nyuzi 90 kinaunguza papo hapo.

Ya pili ni kukaza skrubu za vipoza joto hivyo na kukagua pedi zilizo chini yake, ambazo wakati mwingine hukaa upande. Ya tatu ni kupunguza volti. Watu huidharau hii wakidhani kupandisha kasi maana yake ni kuongeza volti siku zote. Prosesa nyingi hukubali kasi ileile kwa volti pungufu kidogo na VRM ikapumua. Nenda hatua ndogo ndogo, na kila hatua uijaribu.

Ukiwa unanunua, usihesabu fezi kwa kusoma boksi. Maandishi ya "12+2" yanaweza kuwa fezi sita za kweli ambazo kila moja imepewa vipande viwili sambamba. Mpangilio huo si mbaya, unafanya kazi vizuri, lakini si sawa na kumi na mbili. Tafuta ampea za kila kipande, kwani siku hizi ubao mzuri wa bei ya kati hutaja 50, 60 au zaidi. Kwa prosesa ya viini sita hadi nane inayokula wati zisizozidi 150, vipande vinane vya ampea 50 au 60 vinatosha na kubaki. Kwa prosesa ya daraja la Core i9-13900K, ambayo kikomo chake cha kiwandani ni wati 253 kabla hujaigusa, usishuke chini ya kumi na viwili.

Kisha tazama chuma chenyewe. Kipoza joto chenye mapezi au mikato mirefu kinatoa joto. Bonge la chuma laini lililopakwa rangi linalihifadhi tu. Kama upande mmoja wa VRM umeachwa wazi bila chuma kabisa, ubao huo si wa kupandishia kasi, hata muuzaji aseme nini.

Inaganda mzigo unapobadilika ghafla

Gemu imemaliza kupakia ramani, mzigo umeruka kutoka chini hadi juu, na hapo kompyuta inajiwasha upya. Au kinyume chake: majaribio mazito yote imepita, lakini inaanguka ukiwa unasoma tu kurasa za intaneti.

Hali ya kwanza husababishwa na volti kuzama mzigo unapoingia. Umeandika 1.30 kwenye BIOS, chini ya mzigo prosesa inapata 1.22, na kwa 1.22 haiwezi kasi uliyoiomba. Kuna mpangilio wa kufidia mzamo huo, kwenye BIOS nyingi umeandikwa Load-Line Calibration au LLC. Weka ngazi ya kati. Ngazi ya juu kabisa inaonekana nzuri kwenye skrini, lakini mzigo unapotoka ghafla volti huruka juu ya ile uliyoandika kwa muda mfupi mno kuonekana na programu, na prosesa ndiyo inayoipokea.

Kuwa mwangalifu sana unapofuata mipangilio ya mtu mwingine hapa. Kwa ASUS namba ikiwa kubwa fidia ni kali zaidi. Kwa MSI na ASRock ni kinyume, namba 1 ndiyo kali kuliko zote. Mtu akinakili "ngazi ya 8" au "ngazi ya 1" bila kutazama chapa ya ubao, anaweza kupata kilicho kinyume kabisa na alichokusudia.

Hali ya pili, ya kuanguka bila mzigo, kwa Ryzen mara nyingi hutokana na Curve Optimizer (mpangilio wa kupunguza volti za viini) iliyoshushwa kupita kiasi. Kompyuta ikiwa haina kazi nzito, kiini kimoja hupanda hadi kasi ya juu kabisa, na hicho ndicho kinachokosa volti. Majaribio ya viini vyote hayalioni kosa hili kwa sababu yakiwa yanaendelea hakuna kiini kinachofika kasi hiyo. Fungua Event Viewer ya Windows, inakoandikwa kumbukumbu ya matukio, utafute WHEA-Logger, yaani makosa ya vifaa. Tukio namba 18 hutaja APIC ID, na kwa namba hiyo unaweza kujua ni kiini gani kilichoshindwa, ukakipandishia volti hicho kimoja badala ya kuviharibia vyote. Tukio namba 19 ni onyo la kosa lililosahihishwa. Mashine haikuanguka, lakini ipo ukingoni. Ukikuta Kernel-Power 41 peke yake, usiisomee mengi. Inasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufuata utaratibu.

RAM: haiwaki baada ya XMP, au inawaka na kuharibu mafaili

Kwanza subira. Ubao wa AM5 ukiwashwa mara ya kwanza na RAM za DDR5 unaweza kukaa na skrini nyeusi dakika kadhaa ukizifundisha RAM kufanya kazi. Watu wamerudisha ubao mzima dukani kwa kukosa kungoja dakika hizo.

Kama ni zaidi ya robo saa, tazama RAM zimekaa wapi. Kwenye ubao wenye nafasi nne, RAM mbili hukaa nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Karibu kila ubao wa bei ya kati umesukwa njia zake hivyo, na ukiziweka nafasi ya kwanza na ya tatu utapoteza kasi au usiwake kabisa.

RAM nne ni mzigo mwingine. Kwa Ryzen 7000, AMD inatambua rasmi kasi ya 5200 (MT/s) kwa RAM mbili, na 3600 tu kwa nne. Aliyenunua seti mbili za 6000 akitaraji 6000 anaidai mashine kitu ambacho haikuahidiwa. Nunua mbili zenye ujazo unaoutaka, na zitoke kwenye seti moja.

Ubao wenyewe unahusika kwa idadi ya tabaka zake za ndani. Wenye tabaka sita au nane hupitisha mawimbi ya RAM kwa usafi kuliko wa tabaka nne, na tofauti hiyo huonekana hasa kwenye DDR5 ya kasi. Mtengenezaji mwenye sita au nane kwa kawaida hujitangazia, kwa hiyo ukimya wake ni jibu tosha. Tazama pia orodha ya RAM zilizojaribiwa kwenye ubao huo, na uitafute yako kwa namba kamili ya modeli, si kwa jina la kampuni.

Kinachonitia hofu zaidi ni RAM inayowaka vizuri lakini si thabiti. Haikuangushi, inakuharibia. Faili la kuhifadhia gemu halifunguki, usakinishaji unakataa katikati, picha zinafunguka nusu. Usipandishe kasi ya RAM kwenye kompyuta yenye kazi zako kabla MemTest86 haijamaliza mizunguko yake minne bila kosa hata moja. Kosa moja ni kosa.

Na kuna volti ya SoC kwenye AM5, yaani ya sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM. Ukiwasha EXPO, ubao huipandisha yenyewe ili kidhibiti cha RAM kimudu. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000X3D ziliungua kwa volti hiyo kuwa juu mno, na AMD ikaweka kikomo cha 1.3 kupitia BIOS mpya. Ubao ulioutoa dukani ukiwa na BIOS ya kabla ya hapo, usiwashe EXPO hata kwa majaribio. Sasisha kwanza.

Imezima kabisa baada ya kubadilisha mpangilio

Zima umeme ukutani, gusisha pini mbili za kufutia CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS) kwa sekunde chache, au toa betri ya CR2032 kwa dakika tano. Ubao unaozingatia wapandishaji kasi una kitufe cha kazi hiyo nyuma, na pia taa nne ndogo zinazoonyesha umekwama kwenye prosesa, RAM, kadi ya grafiki au diski. Taa hizo nne na kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa ni vitu ambavyo ningevilipia kabla ya kulipia Wi-Fi.

Diski imepotea

Hii huhesabiwa kimakosa miongoni mwa makosa ya kupandisha kasi. Kwenye baadhi ya ubao wa bei ya kati, ukichomeka SSD kwenye nafasi ya pili ya M.2 (ile ya kulaza SSD juu ya ubao), milango miwili ya SATA (ya diski za waya) inazimika kwa sababu zinatumia njia moja. Imeandikwa kwenye kitabu cha ubao. Hamisha waya.

Kasi iliyokuwa thabiti imeacha kuwa thabiti

Miezi sita ilipita bila tatizo, sasa inaanguka kwa mipangilio ileile. Safisha vumbi, pima joto upya, rudia majaribio. Kama joto halijabadilika, inawezekana prosesa imechoka kwa volti.

Kwa Core za kizazi cha 13 na cha 14 jambo hili lina historia yake. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba volti iliyozidi ilikuwa ikizichosha baadhi yao, ikatoa maikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) 0x129 na kisha 0x12B, na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Maikrokodi hiyo inafika kwako kupitia BIOS ya ubao, na huponyi kilichokwisha kuchoka kwa kuisasisha. Unazuia tu kisiendelee. Ndiyo maana kabla ya kununua ubao wowote mimi hufungua ukurasa wa BIOS zake na kusoma tarehe. Ubao ambao haujapata toleo jipya kwa mwaka mzima, ilhali ndugu zake wa bei ya juu wanapata, umeshaachwa na mtengenezaji.

Weka daftari. Andika tarehe, kasi, volti chini ya mzigo, joto la VRM. Kasi ileile ikianza kudai volti zaidi kuliko ilivyoandikwa miezi mitatu iliyopita, usiiongezee. Shusha kizidishi hatua moja au mbili, na kama prosesa ipo ndani ya dhamana, peleka madai yako wiki hiyohiyo.